Dole la Meneja

Mimi kusahau sijui. Nilikuwa na miaka kumi na minne siku meneja wa kiwanda cha sabuni alipowapanga wafanyakazi uani, mezani pedi ya wino na rundo la karatasi. Mashine zinatengenezwa, akasema, tieni dole gumba mpate likizo. Baba yangu, mkata miche ya sabuni, ndiye aliyekuwa mkongwe kuliko wote, na kusoma hakujua. Akauliza kama ni lazima. Meneja akamshika bega.

“Hiari yashinda utumwa, mzee wangu.”

Baba akatia dole. Wenzake wakafuata, maana yeye ndiye waliyemwamini.

Likizo hiyo haijaisha mpaka leo. Mashine zikapakiwa kwenye malori, geti likafungwa mnyororo, maduka yakafuata moja moja. Nakala ya baba niliisoma mwenyewe jikoni, silabi kwa silabi: “Ninaacha kazi kwa hiari yangu.” Chini yake dole lake, kovu la waya wa kukatia sabuni limelipasua katikati. Utoto wangu uliishia kwenye mstari ule.

Mji ukatafuta wa kumlaumu, ukampata baba. Wakambandika jina: Mzee Hiari. Kinyozi, aliyekuwa mchemsha mafuta pale pale kiwandani, alimkaribisha kwa jina hilo mbele za watu hadi baba akakoma kwenda. Mama akawa anamnyoa nyumbani, kwa mkasi wa vitambaa.

Mimi nikajisomesha. Magazeti ya kufungia sukari, matangazo ya ukutani, kitabu cha sheria za kazi kisicho na jalada. Nilipofika kumi na tisa nilikuwa na meza yangu barazani pa posta, nawaandikia watu barua.

Ndipo meneja akaja akipapasa nguzo, mtoto wa jicho macho yote mawili. Sauti yangu hakuitambua. Yake ningeitambua hata kaburini. Alitaka barua ya kuomba nafasi kwa daktari wa macho. Nikaiandika, tena vizuri. Kisha nikaandika ya pili.

“Tia dole hapa. Na hapa.”

“Mbili za nini, binti?”

“Moja ni nakala, mzee.”

Akatia.

Barua ya daktari niliituma siku hiyo hiyo. Mimi si yeye. Ile nyingine niliibandika getini kiwandani: “Mimi niliyekuwa meneja nakiri, kwa hiari yangu, kwamba niliwadanganya wafanyakazi. Hakuna aliyeacha kazi kwa kupenda.”

Hadi adhuhuri mji mzima ulikuwa getini, anayejua akimsomea asiyejua. Meneja naye akaja, ameshikwa mkono na mpishi wake, akiapa kwamba alitia dole bila kujua kilichoandikwa.

Kinyozi akasema, polepole:

“Hata sisi, Mzee Hiari.”

Jina likahama pale pale. Wanaosema ningemhurumia kipofu, wamhurumie wao.

Jumamosi nilimsindikiza baba kwa kinyozi. Kiti kilipanguswa mara mbili, akaitwa kaka, akaulizwa anyolewe vipi.

“Nyoa kwa hiari yako,” baba akasema.

Kinyozi akaushusha wembe, akainamisha kichwa, akauliza tena anyolewe vipi.