Sharubu ya Kushoto

Ukutani mwa ofisi ya chama cha wavua samaki wa starehe kulikuwa na picha kumi na moja, na katika kila picha mwanamume mzima amekumbatia kambale mkubwa kama bwana harusi. Chini ya kila picha, jina la samaki. Kinyozi alimwita wake Jenerali. Mwalimu mstaafu alimwita wake Profesa. Mwenyekiti wa chama alimwita wake Mfalme, na nakala ya Mfalme ilining'inia pia sebuleni kwake, juu ya televisheni, ambapo mkwewe aliifuta vumbi kila Ijumaa.

Mkwewe huyo ndiye waliyemwita Mama Rula. Kazi yake ilikuwa kukaa kwenye geti la bwawa na ubao wa kupimia. Kambale chini ya sentimita arobaini ni mtoto, anarudi majini. Aliyezidi themanini ni mzazi, naye anarudi baada ya picha moja ya haraka. Wa katikati ndio wa sufuria. Wazee wazima walimbembeleza: "Mama Rula, hebu mvute mkia kidogo, afike arobaini." Naye alijibu, "Samaki si chapati, mzee wangu, hasukumiki."

Sasa alikuwa amerudi kutoka likizo ya uzazi, mtoto wa miezi mitatu mgongoni, na mkutano ulikuwa Jumamosi ile alasiri. Hoja ilikuwa moja: kila mwanachama aruhusiwe kula samaki mmoja mkubwa kwa mwezi. Mleta hoja alikuwa Mwenyekiti mwenyewe, baba mkwe wake, mtu aliyeshawaahidi dada zake na ndugu wote kwamba kabla mvua haijaanza watakuja kumla Mfalme mpaka walambe vidole.

Jana yake jioni, akinyonyesha huku akipekua daftari la geti kwa mkono mmoja, Mama Rula aliona jambo lililomtoa usingizi. Afisa wa samaki alikuwa amewavisha wazazi wote aliowapata bwawani, ishirini kwa jumla, kijihereni cha plastiki cha njano chenye namba, pale mgongoni. Na kwa mwaka mzima daftari, la mkono wake na la aliyemshikia kazi, lilikuwa na namba moja tu. Kumi na saba. Mara kumi na moja. Pembeni afisa alikuwa ameandika: jike.

Sasa amwambie nani? Baba mkwe haumbuliwi mbele ya wenzake. Lakini akinyamaza, hoja itapita, na mama pekee aliyebaki bwawani ataingia kwenye mafuta ya moto na mayai yake yote tumboni.

"Bwawa limejaa!" Mwenyekiti alikuwa akinguruma mkutanoni. "Majitu kumi na moja kwa mwaka, haya hapa ukutani! Tunawabembeleza samaki wakati wake zetu wanatucheka. Wanaokubali wanyooshe mikono!"

"Samahani, baba," Mama Rula akasema. "Kabla ya mikono. Daftari linasema wote hao ni namba kumi na saba."

Kicheko kikapasuka.

"Ujauzito unasahaulisha," Mwalimu akasema kwa upole wa kuudhi. "Mke wangu aliwahi kuweka kitambaa cha meza kwenye friji."

"Profesa wako alipimwa nikiwa likizo, Mwalimu. Aliyeandika ni shemeji yangu, na yeye hajawahi kupata mimba."

Wakacheka tena, safari hii wakimcheka Mwalimu. Lakini Mwenyekiti alikunja uso. "Mwanangu, kaa chini. Hizo hereni ziko wapi kwenye picha?"

Hazikuwapo. Kila mmoja alikuwa amemshika samaki pale pale mgongoni, kiganja juu ya hereni. Mama Rula akatazama kiti, akatazama ukuta, mtoto akapiga chafya mgongoni. Ndipo akakumbuka kitu ambacho hakijawahi kumshinda mtu mmoja mle ndani.

"Kinyozi," akasema kwa adabu, "wewe ndiye mtaalamu. Eti Jenerali wako alikuwa na sharubu za namna gani?"

Kinyozi akavimba. Hilo ndilo swali alilolisubiri mwaka mzima. "Sharubu! Ndefu, laini, za heshima. Ila ya juu kushoto imekatika nusu. Nilimwambia kabisa, mzee, pita dukani nikupunguze na ya kulia zilingane."

"Na Profesa je? Hebu mwangalie."

Kinyozi akasogea ukutani, akavaa miwani. Akatazama. Akaivua, akaifuta, akaivaa tena. Akaruka kwenye picha ya tatu, ya tano, ya nane. Kwa Mfalme alikaa muda mrefu mpaka Mwenyekiti akakohoa.

"Sema basi!"

"Mwenyekiti, nimenyoa miaka thelathini. Naweza kusahau sura ya mtu, sisahau sharubu." Akawageukia wenzake. "Sisi sote tumemkumbatia samaki mmoja."

"Na huyo Mfalme ni mama," Mama Rula akaongeza polepole. "Ana mayai."

"Wale kumi na tisa wengine wako wapi?" mtu akauliza kutoka nyuma.

Mwalimu akakohoa kikohozi cha mtu aliyekula namba tatu. Wengine wawili nao wakapaliwa. Kumbe si kila mtu alipitia getini.

Mwenyekiti alisimama mbele ya ukuta, mikono nyuma. Mama Rula aliona mishipa ya shingo yake imevimba, akajiandaa kukosa kazi na kukosa mkwe kwa siku moja. Mzee akasoma chini ya picha yake: kilo nane na nusu, Januari. Akasoma chini ya Jenerali: kilo kumi na moja, Novemba.

"Kwa hiyo," akasema, akigeuka taratibu, "mimi ndiye niliyemvua wa kwanza. Nikamwachia. Akakua. Ninyi wote mmemvua samaki niliyemlea!"

"Umemlea wapi?" Kinyozi akaruka. "Ulimtoboa mdomo!"

"Ulezi una mengi! Hoja nimeiondoa. Na miezi ya mvua geti lifungwe, mama azae kwa nafasi. Anayekataa aje aniambie machoni."

Hakuna aliyekwenda.

Njiani kurudi nyumbani mzee alimbeba mjukuu. Karibu na mlango akauliza, "Ulijua tangu lini?"

"Tangu jana, baba."

"Na hukuniambia."

"Ningekuambia, ungenisikia?"

Akafikiri. "Hapana."

Ndani, mama mkwe alisikiliza habari yote bila kuacha kukunja nguo. Kisha akainua macho kwenye picha iliyo juu ya televisheni.

"Yaani mwaka mzima," akasema, "wanaume wazima kumi na mmoja mnamtoa mama wa watu kitandani, mnapiga naye picha, mnamrudisha?"

Mzee akampa Mama Rula kitambaa cha vumbi.

"Mwanangu, lile jina la Mfalme pale chini," akanong'ona, "hebu libadilishe kabla shangazi zako hawajafika."