Mkwe Hapimwi kwa Kilo

Mvua ilipoharibu barabara ya Angurai, Akwii alikuwa kwake Malaba, na mjukuu wake alikuwa kule Angurai bila jina.

Jina la mtoto hutiwa na nyanya. Anachovya kidole kwenye pombe ya wimbi, anamtilia mtoto kinywani huku akilitaja. Mtoto akinyonya, jina limeshika. Akwii alitaka huyu msichana aitwe Anyait, jina la mama yake mzazi, ambalo halikuwa limepata mtu tangu mama azikwe. Lakini kule kulikuwa na nyanya wa pili, mama yake Okurut, yule kijana aliyemwoa binti wa Akwii. Huyo alituma neno: "Tutangoja mpaka jua liiname. Likiinama kabla sijasikia mashine, nitatia kidole changu."

Mashine ya kumleta Akwii ilikuwa pikipiki ya magurudumu manne ya Okurut, pekee iliyoweza lile tope. Tairi zake zilikuwa zimeisha, laini kama kisigino cha mtoto. Za aina yake hazikupatikana, ndipo Wabwire, fundi wa Malaba, akampatia magurudumu ya mashine ya aina nyingine, makubwa zaidi, yaliyovuka kutoka Uganda. Matundu ya nati yaliingia sawasawa. Shida ni unene. Kati ya tairi na madigadi palibaki nafasi ya kidole.

"Boss, ukibeba mtu springi zitashuka, tairi iume hapa," Wabwire alisema. "Tupime na mzigo kwanza. Huyo mama ana kilo ngapi?"

Okurut akatazama upande wa mpaka.

"Basi kwa macho tu. Ni mnene?"

"Sijawahi kumwangalia."

Na ni kweli. Tangu aoe, akimwona mama mkwe njiani huingia kichakani, hata kama kichaka chenyewe ni miiba.

Akwii alikuwa ameketi nyuma ya kibanda cha fundi, uso ukutani kama inavyopasa, akisikia yote.

Okurut akaenda kutafuta gunia. La mahindi lingekuwa tusi. Nusu gunia, bado watu wangesema. Kwa heshima akaleta gunia la makapi ya wimbi. Wabwire akaliinua kwa mkono mmoja.

"Huyu mama anaugua?"

"Wewe funga."

"Si ufunge wewe, mashine ni yako."

"Siwezi kumshika."

Wabwire akaliangalia gunia, akamwangalia Okurut, akafunga. Hata kuendesha Okurut alikataa, gunia likiwa mgongoni mwake. Fundi akalizungusha mwenyewe hadi steji na kurudi. Vijana wa boda wakalisalimia: "Mama, habari ya safari?" Tairi hazikugusa popote.

Akwii aliujua mwili wake. Benchi aliloketi lilikuwa likilia tangu asubuhi. Alitaka kusema, "Ongezeni," lakini mtu haongei na mkwe.

Wakafunga kiti cha plastiki nyuma, kikitazama walikotoka, katikati wakatundika leso. Wakaondoka wamepeana migongo, kila mmoja kama yuko peke yake. Kwenye lami walikwenda vizuri. Baadaye, vilima vya Angurai vikiwa vimeshaonekana, wakaingia shimo. Tairi ikauma madigadi, harufu ya mpira ikatoka, mashine ikazima.



"Wewe mashine," Okurut alisema, "unataka nini?"

"Mashine," Akwii naye akasema, "mwambie anayekuendesha nashuka. Ageuze uso."

Aliposhuka, mashine iliinuka kama mtu aliyetuliwa mtungi.

"Mashine, mwombe mama apande tena, polepole."

Akapanda polepole. Ikashuka polepole, ikauma palepale.

"Mashine, mwambie polepole haipunguzi kitu."

Akavua viatu, akashika njia. Okurut hangeweza kumpita na kufika bila yeye, wala kwenda naye bega kwa bega. Akaiwasha mashine, akafuata nyuma, mbali, kwa gia ya kwanza, mashine ikinguruma bondeni kote. Waliokuwa wakipalilia walisimama.

"Mama, mbona watembea na gari lako liko nyuma?"

"Linanisindikiza," Akwii akajibu, tope magotini.

Jua likaanza kuinama. Baadaye bintiye Atyang alimsimulia jinsi yule nyanya wa pili alivyokuwa ameshika kibuyu, kidole tayari, mara ngurumo ikasikika. Akakiweka chini. "Wamefika," akasema. Wakangoja. Jua likazidi kushuka, kila mtu akitazama njia, na yeye hakuweza kukishika tena, kwa maana neno lake lilikuwa kusikia mashine, na mashine alikuwa anaisikia.

Akwii akaingia uani na matope yake. Wakamnawisha mikono. Akachovya kidole, akamtilia mtoto. "Anyait." Mtoto akakunja uso. Kisha ufizi ukakishika kile kidole, ukavuta kwa nguvu.

Nyanya wa pili akatazama magharibi, akatazama kinywa cha mtoto. "Amekubali," akasema.

Nje ya ua, Okurut hakuweza kuingia, na mashine ilikuwa bado inanguruma.

"Mwambieni azime," Akwii alisema, kidole kikiwa bado kinywani mwa mtoto. "Anyait hasikii jina lake."