Nafasi Nane za Mwisho

Ijumaa asubuhi bosi wangu Curtis aliniita. "Mama Renata, wewe ndiye utakayeizima. Heshima yako hiyo."

Heshima gani! Mashine kubwa ya kampuni ya maji hapa Toledo haikuwa imezimwa kwa miaka tisa. Hata amri ya kuizima ilibidi niitafute kitabuni. Hizi seva mpya za Curtis zikipiga chafya tu, dawa ni moja: zima, washa. Zamani nilikuwa namtania, "Na mkeo akinuna je, naye unamzima?" Siku hiyo sikutania. Nilibonyeza, feni zikanyamaza, nikaenda kunywa kahawa. Tangu nimzike Emmett mwezi wa pili nimekufa ganzi, hata kahawa siisikii ladha.

Emmett, mume wangu, ndiye aliyeandika nusu ya programu za mashine ile. Yeye zamu ya usiku, mimi ya asubuhi. Miaka kumi na minane tulikuwa watu wa kupishana mlangoni. Mle kila mstari wa programu una nafasi themanini za herufi, lakini mashine husoma sabini na mbili tu. Nane za mwisho ni za watu: unaweka jina lako, au tarehe. Emmett aliniandikia mimi. Programu ya mita, mstari wa 410, pembeni kabisa: UMEKULA? Herufi saba na alama ya kuuliza, zimeenea barabara. Kila asubuhi niliufungua mstari huo kwanza, hata koti sijavua.

Basi baada ya kahawa nikaifungua programu ya mita kwenye seva. Mstari wa 410 upo. Pembeni peupe.

"Curtis, yale maandishi ya pembeni yako wapi?"

"Yapi tena, mama? Vyote vimehamishwa." Akapekua, akanionyesha fomu. Nafasi ya 73 hadi 80, zihamishwe? Hapana. Sahihi ni yangu, siku ya nne baada ya mazishi. Na jibu lilikuwa sahihi kabisa. Mashine haizisomi, za nini?

"Na kanda za akiba?"

"Zimesagwa juzi. Na diski za mashine wameshazing'oa ulipokuwa kwenye kahawa. Kwani kulikuwa na nini?"

"Hamna kitu," nikasema.

Alipogeukia simu yake, nikahesabu hadi nafasi ya sabini na tatu, nikaandika NIMEKULA. Herufi nane, zikatosha.

Skrini ikajaa wekundu. Curtis akaruka kitini. "Ah, mama! Umeandika nini hapo? Hizi seva zinasoma mstari wote, mpaka mwisho. Futa, bwana, futa!"

Nikafuta, herufi moja moja, nikianzia nyuma. Na kusema kweli, sikuwa nimekula tangu jana.