Nani Kamruhusu Kutu Afe?

Hebu nitegulieni hiki kwanza: hana meno wala tumbo, lakini hulitafuna lango la chuma mpaka likaisha. Msijikune vichwa, ni kutu. Na Kutu ndiye aliyekuwa adui wa Bwana Chuma, yule shujaa wa kitabu cha katuni anayeruka juu ya mapaa na kunyoosha reli kwa mikono mitupu. Kila Chuma alipojidai, Kutu alimpulizia tu, goti likakwama, shujaa mzima akabaki analia njiani kama bawaba ya mlango.

Watu walidhani wote wawili wanatoka mkono mmoja. Jalada lilikuwa na jina moja tu, la kijana aliyeitwa Msanii hata na kinyozi wake. Kumbe kazi ilikwenda hivi: Msanii alimchora Chuma kwa penseli, na pale adui alipotakiwa aliacha tundu jeupe lenye alama. Karatasi zikaenda chumba cha pili kwa dada yake mkubwa, ambaye vidole vyake havikuwahi kutakata miaka kumi na moja. Huyo Dada Wino alipitisha wino juu ya penseli, na ndiye aliyemjaza Kutu: kofia iliyobonyea, kucha, na lile tabasamu lililowafanya wasomaji waandike barua. Siku hizo barua zote zilimuulizia Kutu. Chuma hata salamu hakuletewa.

Asubuhi moja zikaja kurasa za toleo jipya. Pembeni pameandikwa: "Kutu afe ukurasa wa nane. Asirudi tena."

Dada Wino alisoma mara mbili. Akaenda kusimama mlangoni kwa mdogo wake.

"Afe? Umemuuliza mama yake?"

"Dada, ni katuni tu."

"Katuni tu! Na akishakufa, mimi nachora nini? Miaka kumi na moja yangu unaizika ukurasa wa nane?"

"Nimechoka naye. Watu wanamshangilia mhalifu!"

"Wanashangilia kazi ya nani? Nani anamchora? Sema."

Msanii akainamia penseli yake, akaichonga kama hakusikia kitu.

Haya. Dada Wino alirudi chumbani, akapaka wino kila msuli wa Bwana Chuma, taratibu, bila kuruka hata ukucha. Matundu meupe hakuyagusa. Kisha akazibeba kurasa mwenyewe mpaka kwa mchapaji.

Mchapaji alivaa miwani, akaivua, akaivaa tena.

"Mama, huyu bwana ana homa? Hapa anakaba hewa. Hapa anauambia ukuta, 'Leo hunitoki!'" Akacheka mpaka akashikilia meza, kisha akampigia simu Msanii, maana mitambo ilikuwa inangoja.

Msanii alifika anahema. "Dada, umeniaibisha!"

"Mimi? Yako yote hiyo hapo, imekamilika. Nimeondoa yangu tu."

"Nipeni penseli," akasema Msanii kwa hasira. Akachora pale pale mezani. Kofia ikakaa, kucha zikakaa. Mchapaji akaigeuza karatasi huku na huku.

"Si Chuma huyu? Kaazima kofia?"

Msanii akafuta, akachora tena. Akatoka Chuma yule yule, ila sasa kanuna. Alipofuta mara ya tatu, karatasi ikatoboka.

"Basi jamani," mchapaji akauliza, sasa bila kucheka, "huyu Kutu nani humchora?"

Dada Wino alikunja mikono yake yenye wino, akamkazia macho mdogo wake.

"Umeulizwa, baba."

Msanii akaitazama ile karatasi yenye tundu, akaiweka penseli chini.

"Dada yangu," akasema. "Tangu toleo la kwanza. Weka jina lake kwenye jalada, na Kutu asife."