Pindo la Bendera ya Gbetekro

Bendera ya mji wa Gbetekro ilishonwa na mtu ambaye nchi haikumtambua, na mtu huyo alizidisha mapenzi kwenye pindo. Cherehani ya fundi huyo, Rasmane Kabore, ilikuwa imekaa mbele ya ofisi ya wilaya tangu ndevu zake zikiwa nyeusi. Alipopewa kazi ya bendera hakutaka malipo. Alichukua kitambaa cha rangi ya chungwa, cheupe na cha kijani, akakunja pindo mara mbili, akalishona, akalitazama, akaona bado, akalikunja tena. Upepo mkavu wa harmatani, utokao jangwani, ungechana bendera za wilaya nyingine, si yake. Hakukumbuka kabisa kwamba juu ya mlingoti kuna kigurudumu cha kupitishia kamba, na kigurudumu hakijui mambo ya mapenzi.

Rasmane alizaliwa Gbetekro. Baba yake naye alizaliwa hapo hapo, akachuma kakao mpaka mgongo ukapinda. Aliyeharibu mambo ni babu. Babu alikuja kwa miguu kutoka nchi ya Wamosi, ng'ambo ya mpaka wa kaskazini, enzi zile ikiitwa Upper Volta, akafa zamani, na hata akiwa kaburini alikuwa bado anamkwamisha mjukuu wake. Kila Rasmane alipokwenda kuomba cheti cha uraia, karani Assamoi alimwuliza swali moja tu.

"Babu yako alizaliwa wapi?"

Akishajibiwa, Assamoi hutikisa kichwa kwa huruma na kusema, "Rudi kesho." Huyu Assamoi alikuwa mtu mnene, mpole, na suruali zake zote alizitanua Rasmane.

Sasa kutoka makao makuu ilikuwa imekuja amri kwamba maombi yote ya zamani yamalizwe kufikia Ijumaa jioni. Yatakayobaki yatachomwa moto. Rasmane hakulala vizuri wiki nzima. Hakutaka kitu kikubwa. Alitaka siku atakapokufa pasiwe na mtu wa kuuliza azikwe upande gani wa mpaka.

Alhamisi, saa kumi na mbili jioni, Sajini Dosso alipuliza firimbi ya kushusha bendera na mji ukaganda kama kila jioni. Mwenye pikipiki aliweka mguu mmoja chini. Mama Ahou, muuza aloko, aliacha mwiko hewani juu ya karai la ndizi na mafuta yanayochemka. Karani Assamoi, aliyekuwa anakimbilia choo cha nje, alinaswa katikati ya uwanja, mapaja yamebanwa. Rasmane alisimama kando ya cherehani yake, kifua mbele kuliko wote. Aliipenda sana dakika hii. Mbele ya bendera wote husimama namna moja, na hakuna anayeulizwa habari za babu.

Sajini akavuta kamba. Bendera haikushuka. Akavuta tena kwa mikono miwili. Pindo lilikuwa limeingia kwenye kigurudumu na kukaa humo kama mwenye nyumba.

"Afande, vipi huko?" mwenye pikipiki aliuliza bila kufungua midomo.

"Kimya! Bendera inashuka."

"Inashuka wapi, mbona imesimama?"

"Imeshaanza kushuka. Mpaka niishike mkononi na kupuliza firimbi ya pili, hakuna raia kusogea. Ndiyo sheria."

Basi wakasimama. Jua likazidi kuzama. Inzi akatua kwenye pua ya Mama Ahou, akatembea atakavyo. Ndipo akatokea dereva wa lori la samaki, Mghana, anapiga mluzi. Alipita katikati ya watu walioganda, akafika kwenye karai, akachota ndizi kwa mwiko uliokuwa mkononi mwa Mama Ahou, akala, akasifu, akaendelea na safari.

"Afande!" Mama Ahou alipiga kelele. "Huyo mbona anatembea? Tena na aloko yangu!"

"Ni Mghana, mama. Bendera si yake. Sheria inasema raia."

Mama Ahou alitafakari. Mafuta yalikuwa yameanza kutoa moshi mweusi, na ndizi za jioni nzima zilikuwa zinageuka makaa.

"Afande, sisi Wabaule tulitoka wapi?"

"Kila mtu anajua. Mlikuja na malkia wenu kutoka..."

"Malizia, baba. Kutoka Ghana. Basi mimi ni Mghana." Akainama, akateremsha karai, akapuliza ndizi zake. "Na yule mwizi ni ndugu yangu, nitamdai kwao."

Hapo mambo yakaharibika. Mwenye pikipiki akakumbuka kwamba ukoo wake ulivuka mto kutoka Liberia. Muuza simu akakumbuka Mali. Kinyozi alimkumbuka babu wa Guinea ambaye hajawahi kumtaja hata siku moja, akamlilia machozi ya kweli, kisha akafunga kibanda na kwenda zake. Kila mmoja alisema kwa sauti, "Mimi si wa hapa, Afande," na Sajini, mtu wa sheria, hakuwa na la kufanya ila kumpisha.

"Mzee Rasmane!" Sajini akaita. Jasho lilikuwa linamtoka. "Wewe ndiye mgeni hasa. Panda mlingoti, uinasue hiyo bendera, sote tukapumzike."

"Siwezi, Afande. Nimekatazwa kusogea."

"Nani kakukataza?"

"Bendera."

Karani Assamoi alikuwa amevumilia mpaka macho yamemtoka. "Rasmane, baba yangu," alisema kwa sauti nyembamba, "mimi ndiye mwenye faili lako. Nakuapia, wewe ni mgeni wa uhakika kabisa. Panda bwana, naumia!"

"Sema kwanza mbele ya Afande kwamba mimi ni raia, ndipo nipande."

"Nikisema wewe ni raia, huwezi kupanda!"

"Ndiyo hivyo, bwana Assamoi. Hata mimi naona ni tatizo."

Rasmane hakuwa anafanya mzaha. Alijua kwamba akishika ule mlingoti, kesho hata swali la babu halitaulizwa tena. Wangemwambia tu kwamba mji mzima ulimwona. Mgongo ulimwuma pale pale ulipokuwa unamwuma baba yake. Aliona watu waliozaliwa na kila kitu wakikitupa kwa sababu ya ndizi, na yeye hata kujikuna alikuwa anaogopa.

"Basi sikiliza, Afande!" Assamoi akapiga kelele mwishowe. "Sisi Waanyi nasi tulitoka huko huko Ghana! Hapa nilipo ni mgeni mtupu!" Akatimua mbio, mkono mmoja umeshika mkanda, na mlango wa choo ukagongwa nyuma yake kwa kishindo.

Uwanjani wakabaki watu wawili, Sajini na fundi.

"Mzee," Sajini alisema taratibu, "mbona unajitesa? Hata mimi, nisingekuwa na sare hii, ningeshakumbuka mtu."

"Mimi wa kwangu nimemkumbuka maisha yangu yote, mwanangu. Nimechoka kumkumbuka."

Wakasimama hivyo mpaka upepo wa mvua ulipokuja kutoka mashambani. Ulipiga mara moja, ukapiga mara ya pili, kitambaa kikachanika kandokando ya lile pindo, na bendera ikaanguka. Ilimwangukia Rasmane kichwani, ikamfunika mpaka mabegani. Hakuitoa. Alingoja firimbi ya pili humo humo ndani.

Asubuhi Sajini alimletea bendera aitengeneze. "Pindo moja tu, baba," alimwambia kwa kumsihi. "Mara moja, basi."

"Nimesikia," Rasmane akajibu, akavuta kiti kwenye cherehani.

Sajini alitoka hapo akaenda kutoa ripoti kwa mkuu wa wilaya, na kwa kuwa alikuwa mtu wa sheria, hakuficha jina la mtu. Mkuu wa wilaya alikuwa na haraka, kuna msiba wa mkubwa mwenzake ulikuwa unamngoja mbali. Aliamua upesi. Walioikana nchi hadharani waombe uraia upya, dirishani, kama watu wengine.

"Karani naye yumo, mkuu," Sajini alisema. "Mgeni hashiki mhuri."

"Nani hakuikana?"

"Mimi, ila niko zamu mlingotini. Na fundi Rasmane."

"Basi akae huyo fundi, kazi iishe leo," mkuu alisema, akaingia garini.

Hivyo ndivyo Rasmane alivyojikuta amekaa kwenye kiti alichokuwa anakitazama miaka yote kupitia tundu la dirisha. Mto wake ulikuwa laini kuliko alivyodhani. Nje foleni ilizunguka ofisi na kurudi, na wote walikuwa wamevaa nguo alizozishona yeye.

Wa kwanza alikuwa Mama Ahou. Rasmane akakohoa.

"Babu yako alizaliwa wapi?"

"We Rasmane! Babu yangu si ndiye aliyemwuzia baba yako baiskeli?"

"Nauliza tu, mama. Ndivyo inavyoulizwa hapa."

"Jana mafuta yaliwaka, mzee wangu. Mtu husema lolote mafuta yakiwaka."

Neno "rudi kesho" lilimjia Rasmane mpaka ncha ya ulimi. Alilionja, likamchukiza. Akapiga mhuri. Kisha akampigia mwenye pikipiki, na muuza simu, na kinyozi aliyekuwa bado anavuta makamasi ya yule babu wa Guinea. Hakumrudisha mtu. Karatasi yake mwenyewe aliiacha mfukoni, maana hakutaka uraia wa kujipa. Raha aliyojipa ilikuwa moja tu: Assamoi alikuwa amefika dirishani kabla ya wote, na Rasmane akamwomba awapishe akina mama, halafu awapishe wazee, halafu awapishe wengine waliobaki. Jua lilikuwa linashuka Assamoi alipofika mezani.

"Babu yako, bwana Assamoi?"

"Ah, Rasmane. Tusameheane."

Rasmane akampigia mhuri, akainuka. Kufumba na kufumbua Assamoi alikuwa raia, na raia huyo akazunguka meza, akafuta kiti kwa leso, akaketi, akapumua. Rasmane akazunguka upande wa pili, akatoa mfukoni karatasi yake iliyochakaa mikunjoni, akaitandaza mezani.

"Na mimi sasa."

Assamoi aliitazama kwa huruma ya kweli. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililokuwa linamkera Rasmane zaidi. "Mzee, umetusaidia sana leo. Mji mzima unakusifu. Ila tatizo ni lile lile. Babu yako alizaliwa wapi?"

"Jana nilisimama peke yangu, bwana."

"Najua. Lakini kusimama si kuzaliwa." Akauchukua mhuri, ambao wino wake ulikuwa bado mbichi, akauinua aupeleke kwenye kabati. "Kesho ungerudi, lakini kesho tena..."

Firimbi ikalia.

Assamoi akaganda, mkono umenyooka juu ya meza, mhuri kwenye vidole. Baada ya aibu ya jana hakuthubutu kutikisa hata kope. Dirishani mji wote ulionekana umekauka wima, vyeti vipya mifukoni.

Rasmane aliutazama mhuri, kisha karatasi yake. Maisha yake yote hajawahi kusogea firimbi ikishalia. Lakini ameambiwa sasa hivi tu, na mtu mwenye mamlaka, kwamba yeye ni mgeni, na mgeni hakatazwi. Akaisogeza karatasi taratibu mpaka chini ya mkono wa Assamoi. Akaushika mkono ule mnene kwa adabu, akaubonyeza chini, akauinua, akaurudisha pale pale ulipokuwa. Kisha, kwa kuwa sasa alikuwa raia, akapiga hatua moja nyuma, akasimama wima, kifua mbele, hatikisiki.

Macho ya Assamoi yalishuka kwenye karatasi, yakapanda kwa Rasmane, yakageukia dirishani kungoja firimbi ya pili. Kuichana ile karatasi ingembidi asogee, na akisogea ni mgeni tena, na neno la mgeni kuhusu uraia wa mtu halina uzito. Ilikuwa lazima angoje.

"Aaa, jamani!" Sajini Dosso alisikika akilalamika uwanjani. "Imekwama tena! Mzee Rasmane, si nilikwambia pindo moja?"

Rasmane hakujibu, maana raia hasemi bendera ikishuka. Alikuwa amekunja mara nne.