Toba ya Winfrida

Winfrida hakuwahi kuonja pombe ya mtukuru tangu azaliwe, lakini Ikungi nzima ilishamlewesha. Na Ikungi ikikulewesha, kulevuka ni kazi!

Ilianzia kanisani, mchana wa jua kali, kwaya ikicheza. Wenzake waligeuka kushoto, mguu wake ukachelewa, puu! Akamwangukia Mzee Alute, mwenyekiti wa wazee wa kanisa. Wazee wakamtenga siku hiyohiyo. Hakuna kwaya mpaka atubu ulevi mbele ya usharika.

Kwaya ndiyo ilikuwa roho yake. Alikataa, akakaa benchi la nyuma akisikia sauti yake ya pili ikiimbwa vibaya na mtu mwingine. Uchungu ukamshinda. Jumapili moja akasimama mbele, akatubu pombe asiyoijua ladha. Akapigiwa vigelegele, akarudi kundini, na wiki iliyofuata akaanguka tena.

Dada yake Lucy akamburuta hospitali, Singida mjini. Daktari Jenifa akampima: sukuma, vuta, fuata kidole changu kwa macho. Kila kitu sawa. Winfrida nusura alie: hata hospitali hawaoni ugonjwa!

"Huwa unaanguka ukifanya nini?" daktari akauliza.

"Nikiimba, jua likiwa kali."

Basi akazungushwa uwanjani juani, kisha akaambiwa atembee kwenye mstari, kisigino kiguse vidole, huku akiimba. Ubeti haukuisha, miguu ikapishana. Akasimama amefumba macho, akayumba. Akapelekwa Dodoma kupigwa picha ya ubongo.

"Kinga ya mwili wako inashambulia mishipa ya fahamu," daktari akamwambia. "Ugonjwa bado mchanga, unajificha. Joto na uchovu vinauumbua. Hauponi, ila dawa za kuuchelewesha zipo."

Winfrida aliogopa, akalia. Halafu akacheka: jina lake limesafishika!

Akaenda moja kwa moja kwa wazee.

"Shikamooni."

"Marahaba, mwanetu."

Akaeleza yote. Mzee Alute akakuna kidevu.

"Kwa hiyo hukulewa?"

"Sikulewa, baba."

"Na ulisimama madhabahuni ukasema ulilewa?"

"Nilisema."

Wazee wakanong'onezana. "Basi ulidanganya kanisani. Tunakutenga kwa uongo, mpaka utubu."

Hasira zikampanda Winfrida, akainuka.

"Wazee wangu, toba ya ulevi nilishaitoa. Nilichobakiza ni kulewa tu."

Akatoka akishika ukuta wa kanisa, polepole, akiimba sauti yake ya pili kwa nguvu zote.