Nguzo ya Ukumbini

Mshonaji alikuwa ghorofani, mguu juu ya cherehani, aliposikia nyundo huko chini. Pigo la kwanza alidhani ni kwa jirani. La pili likaangusha kikombe kutoka mezani, naye akajua ni nani.

Tangu mama yao afariki, mdogo wake wa kiume alikuwa na wimbo mmoja tu: nyumba ivunjwe, kiwanja kiuzwe. Lakini mlangoni palikuwa na kibao cha serikali kwamba jengo ni la kihistoria, marufuku kulibomoa. Labda lianguke lenyewe.

Alishuka mbio, mkasi mkononi. Ukumbini vumbi la chokaa lilikuwa limetanda kama moshi. Vibarua wawili walikuwa wameichimba nguzo ya katikati, ile iliyobeba boriti zote za ghorofani, ikabaki nyembamba kama shingo ya kuku.

"Dada, toka nje," mdogo wake alisema.

"Na mimi nikiwa juu ulikuwa unabomoa?"

"Nilijua utashuka. Toka."

Mshonaji aliiegemea nguzo. "Basi anza na mimi."

Akaanza naye. Kofi la kwanza lilimtoa damu puani. Mshonaji akamchoma mkasi begani, ukazama hadi kwenye mshikio. Mwanamume akanguruma, akamkamata nywele, akambamiza uso kwenye nguzo, tena na tena, hadi chokaa ikawa nyekundu na jicho la kushoto likazimika.

Kibarua mmoja alitupa nyundo. "Bosi, tumekuja kuvunja ukuta. Mtu hatuvunji." Akaondoka, na mwenzake akamfuata.

Mdogo mtu akamwachia dada yake, akaiokota nyundo mwenyewe. Mshonaji alitambaa hadi chini ya tao la mlango, penye ukuta mnene. Nguzo ikakatika. Boriti ikalia kama mfupa uvunjikao, kisha dari, mawe na cherehani vikaporomoka pamoja.

Vumbi lilipotulia, mwanamume alikuwa amelala chali, boriti juu ya paja lake.

"Dada. Usiniache."

Mshonaji alikaa akimtazama kwa jicho lililobaki. Mwache, moyo ulimwambia, kayataka mwenyewe. Juu, boriti nyingine ilianza kulia. Akatukana, akauvuta mtaimbo ulioachwa na vibarua, akaibinua ile boriti huku mdogo mtu akipiga mayowe, kisha akamburuta kwa kola hadi barabarani.

Mguu ulikatwa. Jicho halikurudi. Nyumba ilipasuka katikati, lakini kuta nne zilisimama, na mafundi wa serikali wakaja na magogo kuitegemeza.

Kesi ilipokaribia, shangazi yao alikuja kumsihi aifute. "Mmenyonya ziwa moja, mwanangu. Atafia jela."

Mshonaji alikuwa akitunga uzi kwenye sindano, kazi iliyomchukua muda siku hizi.

"Chini ya boriti nilimtoa mimi, shangazi," alisema. "Huko atatoka mwenyewe."

Mahakamani alieleza yote, hakupunguza neno. Mdogo wake alisikiliza akiwa ameinamia magongo yake, na hukumu iliposomwa hakumtazama dada yake.